Moshi Upite Wapi?

Ndugu msomaji, leo nimeleta kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Nyumba ya mama kule Ngara tuliijenga mimi na kaka yangu. Fedha zilikuwa zetu, ufundi ulikuwa wa fundi, lakini amri ya kuziba zile nafasi zinazobaki kati ya ukuta na bati ilitoka kinywani mwangu. Nilikuwa na sababu. Mbu hupitia hapo hapo, kila bwana afya atakuambia. Halafu baridi. Watu wa mbali hudhani Kagera yote ni joto la ziwa na migomba. Hebu waje Juni au Julai walale kwenye vilima vyetu, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ndio watajua. Fundi alitaka aache matofali ya matundu juu ya kila dirisha. Mie nikamwambia, ziba. Tukapiga dari ya jipsam, tukaweka madirisha ya vioo ya kusukuma, mlango ukakaa kwenye fremu yake sawasawa. Nyumba ikawa kama chupa. Nilijisifu sana.

Julai iliyofuata mama aliingiza jiko la mkaa chumbani apate joto yeye na mjukuu wake. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata chembe. Asubuhi jirani akaona kimya, akagonga, akagonga tena, mwisho akavunja mlango. Aliwakuta hai. Mama anatapika, kichwa kinampasuka, mtoto amelegea kama nguo mbichi. Iliyowapiga ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzaliwa mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha. Ikiingia mwilini hushikamana na damu mara mia mbili na zaidi kuliko oksijeni, ikawa damu inazunguka lakini haibebi uhai. Wamepona wote. Lakini jirani angekwenda shamba mapema siku ile, leo ningekuwa naandika tanzia.

Bibi mzaa mama aliposikia habari hizo hakulia. Aliniuliza tu, "Mume wangu, sasa moshi ulitaka upite wapi?"

"Bibi, haukuwa na moshi. Ulikuwa mkaa."

"Moto ni moto," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Swali lile halikunitoka. Ndipo nikaanza kuwauliza wazee, na kusoma nilichoweza kupata, juu ya nyumba za kwetu Ngara na jirani zetu wa Biharamulo: zilikuwaje, nani alizibadilisha, na kila zilipobadilishwa moshi uliambiwa ukae wapi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Bibi alizaliwa katika msonge. Vijana wa leo wanaujua kwenye picha tu, kwa hiyo nieleze. Ni nyumba ya mviringo, fito zimepindwa na kufungwa pamoja juu, na nyasi zimeshuka kutoka kileleni hadi chini, hivyo kwamba huwezi kusema ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi. Dirisha hakuna. Mlango ni mmoja, mfupi, unaingia umeinama. Katikati mafiga matatu, na moto huo haulali: unapika, unaota, unaona kwa mwanga wake, na mbuzi nao wamo ndani. Ukiangalia juu ni masizi matupu, meusi yanayong'aa kama lami.

Kwa macho ya leo utasema hiyo ndiyo nyumba iliyozibwa kuliko zote. Lakini nyasi zinapumua. Moshi hupanda polepole, ukajikusanya kileleni, kisha ukachuja kupitia nyasi ukatoka. Mtu akiona msonge kwa mbali alfajiri huona paa zima linafuka, hata mgeni akadhani nyumba inaungua. Na moshi ule ulikuwa na kazi kabla haujatoka. Ulikausha nyasi zisioze kwa mvua, ukafukuza mchwa na bungua waliokula fito, ukakausha mahindi na mtama uliotundikwa juu. Nyasi zenyewe ni nene, kwa hiyo joto la moto mdogo lilibaki ndani hadi usiku wa manane. Kuni chache, joto jingi, na hewa ikipita.

Sasa usinielewe vibaya. Wako wanaoandika juu ya msonge kana kwamba babu zetu walikaa peponi. Bibi ananicheka nikijaribu hayo. Anasema watu walikaa chini, kwenye mikeka na vigoda, kwa sababu ukisimama moshi unakukata macho. Anasema watoto walikohoa toka masika hadi masika, na wengine kile kikohozi kiliwachukua, wakasema ni kijicho cha mtu. Macho yake mwenyewe ni mekundu hadi leo. Msonge ulijua kutoa moshi. Haukujua kuutoa upesi.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii hii ilikuwa na mabingwa wa hewa na moto. Upande wa Biharamulo na kuelekea Geita walikuwako Warongo, wahunzi, walioyeyusha chuma kwa tanuru la udongo na mivukuto. Kwa jirani zao Wahaya, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba mafundi wa zamani walipitisha hewa kwenye mifereji ya udongo iliyozama ndani ya moto, ikapata joto kabla ya kufika kwenye mkaa, na tanuru likawaka kwa ukali usiotegemewa. Yaani mtu alijua kabisa kwamba moto ni suala la hewa inayoingia na inayotoka. Lakini tanuru lilikuwa kazi ya wanaume, na mafiga yalikuwa ya wanawake. Sina ushahidi kwamba hiyo ndiyo sababu elimu ile haikuvuka uwanja kuingia jikoni. Nashuku tu.

Hapa nitamtoa msomaji Ngara kidogo, kisha nitamrudisha, maana mwaka 1973 yalitokea mambo mawili mbalimbali yanayofanana.

Oktoba mwaka ule kulipiganwa vita kati ya Waarabu na Israeli, na nchi za Kiarabu zikabana mafuta. Pipa lililouzwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 Januari 1974. Ulaya na Marekani, ambako nyumba hupashwa joto kwa mafuta, walipiga mahesabu wakaona joto lao linakimbilia nje kwenye nyufa. Wakaziba. Madirisha ya maofisi yakawa hayafunguki, kuta zikajazwa sufu ya kioo, na wahandisi wa Marekani wakapunguza kiwango cha chini cha hewa safi kuwa futi za ujazo 5 tu kwa mtu kwa dakika. Mafuta yaliokolewa kweli. Lakini haikupita miaka kumi watu wakaanza kuumwa kichwa ofisini na kupona wakifika nyumbani. Gundi za mbao, rangi, zulia, mashine, pumzi za watu, vyote vilikuwa vinatoa vitu hewani na hakuna pa kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani likaitambua hali hiyo, ikaitwa ugonjwa wa majengo. Mwaka 1989 wahandisi wale wale wakakipandisha kiwango kile mara tatu, kuwa futi 15. Siku hizi nyumba bora za huko huzibwa kuliko zamani, lakini huwekewa mashine inayotoa hewa chafu na kuingiza safi, na joto la ile inayotoka hupewa ile inayoingia. Walifunga kwanza, wakakumbuka hewa baadaye. Nao ni matajiri.

Haya, turudi. Mwezi mmoja tu baada ya vita ile, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Mkoa wetu bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita vya Amin, 1979. Kwa Wahaya wa pwani ya ziwa, wenye vibanja vya migomba vilivyobanana, operesheni haikuwagusa sana. Kwetu, ambako watu walikaa mmoja mmoja kilimani, iligusa. Bibi anakumbuka balozi wa nyumba kumi alikuja na mgambo, wakaonyeshwa viwanja kando ya barabara, vimepimwa kwa kamba. Msonge ukabaki nyuma, ukaoza.

Kwenye kiwanja kipya huwezi kujenga msonge. Kwanza nyasi nyingi kiasi kile zingetoka wapi kwa watu wote wale kwa pamoja? Pili, msonge ulionekana ushamba. Nyumba bora ilikuwa ya pembe nne, ya miti na udongo, yenye madirisha, na Mungu akijalia, bati. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ile ya vikundi vya kusikiliza redio, ilikuwa imewafundisha mamilioni kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu, na nisiwe mnyimi wa sifa: ilifanya kazi kubwa. Lakini moto nani aliufikiria? Bati halipumui. Moshi ukigonga bati hurudi chini. Watu wakauona wenyewe, wakatoa mafiga nje, wakajenga kibanda cha jiko nyuma ya nyumba.

Watu wengi husifu hatua hiyo, kwamba moshi ulitolewa nyumbani. Ulitolewa kwa baba. Nyumba kubwa ikawa safi kwa ajili ya wageni na redio, na moshi wote ukahamishiwa kwenye chumba cha hatua tatu kwa tatu, pamoja na mama, mtoto mgongoni, na binti anayejifunza kusonga ugali. Mama yangu alizaliwa mwaka mmoja baada ya kuhamishwa. Anasema kumbukumbu yake ya kwanza duniani ni kukohoa.

Kisha ikaja 1994.

Wakimbizi hawakuwa wageni kwetu. Watutsi waliokimbia Rwanda miaka ya 1960 waliwekwa Muyenzi, humu humu Ngara. Warundi walikuja baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Lakini tarehe 28 Aprili 1994 ni kitu kingine. Ndani ya siku moja na usiku wake watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wilaya nzima ya Ngara kwa sensa ya 1988 haikuwa na watu 200,000. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akiuza ndizi. Anasema barabara ilikuwa haionekani, vichwa tu na magodoro. Wakawekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara. Ikawa ghafla miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Tanzania, mji wa maturubai ya buluu.

Kila familia ya mji ule ilipika. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage, na mara nyingi mahindi yalikuja punje nzima, hayajasagwa. Mwenye kuchemsha maharage makavu anajua yanakula kuni kiasi gani. UNHCR ilikadiria kwamba wakimbizi wa Kagera walichoma tani 1,200 za kuni kila siku. Kwa mwezi mmoja vilima vya karibu na kambi vikawa vipara. Wanawake wakawa wanatembea saa nyingi, wengine wakivamiwa njiani. Wenyeji tukaanza kulinda miti yetu kwa panga. Hapo ndipo maneno ya kubana matumizi ya kuni yalipoingia kwetu kwa nguvu zote, na yalikuwa na haki ya kuingia.

Dawa iliyoletwa ilikuwa jiko la udongo. Unakanda udongo na nyasi zilizokatwa, unaujenga kuizunguka sufuria, unaacha mdomo mdogo wa kuni. Wakafundisha pia kupasua kuni ndogo ndogo na kuzikausha, kuloweka maharage usiku, kufunika sufuria, kuzima moto chakula kikiiva. Mafunzo mazuri haya, na mengine hayana ubaya wowote: maharage yaliyolowekwa hayajawahi kumuumiza mtu mapafu. Lakini jiko lenyewe lina siri ambayo mama aliigundua bila kwenda shule ya ufundi. Shirika moja lilipita pia vijiji vya wenyeji, na mwalimu wao akamwambia chakula kikianza kuchemka sukuma jiwe uzibe mdomo wa jiko, moto ule kidogo kidogo. Akafanya. Kuni zikapungua kweli, mzigo wa siku mbili ukafika siku tatu. Na moshi ukazidi.

Kwa nini? Kwa sababu kuokoa kuni kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kuhakikisha joto linaingia kwenye sufuria badala ya kupotea pembeni. Nyingine ni kuhakikisha kuni zenyewe zinaungua zote. Jiko la kuta nene linalobana sufuria hukupa ile ya kwanza. Lakini ukilinyima hewa, kuni haziungui, zinafuka. Gesi na vumbi laini ambavyo vingekuwa moto vinatoka vikiwa moshi. Kuni chache kwa saa, moshi mwingi kwa kila kuni. Mwalimu alipima mzigo wa kuni. Hakuna aliyepima kifua cha mama.

Na kambini ilikuwa mbaya zaidi. Vibanda vya turubai wakimbizi waliviita blinde, kwa neno la Kifaransa, kama kwamba ni vifaru vya vita. Plastiki haipitishi mvua wala baridi, wala hewa. Masika, mtu atapika wapi? Ndani. Waganga wa kambi walikuwa wakipambana na malaria na kuhara damu, na kichomi nacho kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyowajaza watoto zahanati. Sisemi moshi ndio uliowaua wote. Msongamano, baridi na njaa vilikuwapo. Nasema tu kwamba katika hesabu ya miti moshi haukuwa na safu yake.

Desemba 1996 serikali iliamuru Wanyarwanda warudi kwao hadi mwisho wa mwezi, wakarudi kwa daraja lile lile. Warundi wakabaki Lukole hadi kambi ilipofungwa 2008. Waliondoka, vipara vikabaki, na majiko ya udongo yakabaki jikoni kwetu.

Tangu siku hizo wataalamu wameanza kuhesabu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Guatemala walifanya jaribio kubwa, wakawapa akina mama majiko yenye bomba la moshi. Matokeo yaliyotolewa 2011 yalionyesha kwamba moshi aliouvuta mtoto ulipungua kama nusu, kichomi kikali kikapungua, lakini ukijumlisha kichomi chote tofauti haikuwa ya uhakika. Nusu ya moshi mwingi bado ni moshi mwingi. Habari hiyo iliniuma, kwani nilikuwa nimeshamwahidi mama bomba.

Sasa hivi upepo umegeuka kuelekea umeme na gesi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Pale Rusumo, hatua chache kutoka daraja walilovuka watu 250,000, kuna mitambo ya maji ya megawati 80, inayogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na iliyoanza kutoa umeme mwishoni mwa 2023. Nyaya zinapita karibu na kwa mama. Ana taa, ana redio, anachaji simu za majirani. Kupika? "Maharage kwa uniti, mwanangu? Utalipa wewe?" Mtungi wa gesi upo, anautumia kwa chai ya wageni. Kuni anaokota bure. Gesi inataka noti. Na ile gesi haikupi joto la kuota usiku wa Julai.

Nilirudi Ngara mwaka jana nikamwita yule yule fundi. Hakunisimanga, alinyamaza tu kwa namna ambayo nilielewa. Tukatoboa matundu mawili kila chumba, moja chini karibu na sakafu, moja juu karibu na dari, tukayafunika kwa wavu wa mbu. Jiko la nje tukalipandisha paa, tukaacha uwazi kileleni wenye kofia ya bati juu yake mvua isiingie. Bibi alikuja kukagua na fimbo yake. Akatazama ule uwazi, akasema, "Kumbe mnajua." Nikanunua mablanketi mazito manne, na jiko la mkaa nikalifungia stoo.

Juni hii nilipokwenda kusalimia, niliingia chumbani kwa mama kuweka mzigo. Tundu la chini limezibwa kwa kipande cha kitenge cha zamani, kimeshindiliwa vizuri kwa kijiti.

"Mama, hiki nini?"

"Upepo unanipiga miguuni, mwanangu."

Nikainama kukitoa. Nikatoka kwanza nikaenda stoo, nikalikuta jiko la mkaa mahali pake, limejaa vumbi. Nikarudi chumbani, nikasukuma kitanda chake hadi ukuta wa pili.

"Hapa je?"

Alijilaza akanyoosha miguu, akasikilizia. "Nitajua usiku," akasema.